Seva ya bure ilivyotaka kumfuta kazi Mama Stoo

Siku hiyo stima ilipotea saa kumi na kitu jioni, ikarudi, ikapotea tena. Aliyewahi kufanya kazi Eneo la Viwandani, Nairobi, anaujua mchezo huo. Hakuna aliyeshtuka. Jenereta ililia, taa zikawaka, vijana wakaendelea kupakia lori. Ni mashine moja tu, iliyokaa chini ya meza yangu ikila vumbi, ambayo haikuamka vizuri.

Nilikuwa na miezi minne kazini. Kwenye barua ya ajira nilikuwa msaidizi wa ICT, lakini ofisini nilikuwa “kijana wa kompyuta”, yule anayeitwa printa ikikwama. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa seva ya mtandao wa ndani wa kampuni. Hapo wafanyakazi kama sitini waliomba likizo na kusoma matangazo ya bosi, na hapo ndipo stoo iliandika kila katoni inayoingia na inayotoka. Jamaa aliyeujenga mfumo alikuwa ameshaenda zake kabla sijafika. Aliacha paswadi kwenye kikaratasi cha manjano na nambari ya simu isiyopatikana.

Wiki mbili baadaye, mhasibu akifunga hesabu za mwezi, aliona katoni 214 za sabuni zimepunguzwa kwenye mfumo bila jina la mteja wala nambari ya lori. Zimetoka, lakini zimeenda wapi? Mfumo ulijua jambo moja tu: aliyezipunguza ni mwenye paswadi ya stoo. Huyo ni mama aliyekuwa hapo miaka kumi na sita, tuliyezoea kumwita Mama Stoo. Akaitwa juu. Akapewa barua ya kujieleza kwa saa 48.

Alikuja mezani pangu akiwa bado ameishika ile barua.

“Kijana wangu,” akaniambia, “mimi hiyo kompyuta sikuijenga. Inaweza kusema uongo?”

“Haisemi uongo, mama,” nilimjibu. “Lakini inaweza kusahau.”

Nilisema hivyo kumtuliza tu. Ilinichukua usiku mzima kugundua kwamba nilikuwa nimesema ukweli.

Kama umemaliza chuo juzi na bosi amekuambia “tafuta ile programu ya bure utujengee mfumo wa ofisi”, naomba tukae hapa kidogo. Najua kinachofuata. Unaingia YouTube, unatafuta video ya dakika ishirini, unasakinisha chochote jamaa wa video alichosakinisha, na kufikia Ijumaa mfumo unafanya kazi, kila mtu anakusifu. Sifa hizo ni halali. Shida ni kwamba wakati huo hujachagua chochote. Umechaguliwa na mtu asiyejua kama stima kwenu hupotea.

Ukitumia M-Pesa, tayari unalijua jambo kubwa kuliko yote kwenye hifadhidata. Ukimtumia rafiki yako Sh500, mambo mawili lazima yatokee: pesa zitoke kwako na ziingie kwake. Ya kwanza ikitokea na ya pili isitokee, utapiga kelele. Hifadhidata iliyotengenezwa vizuri huyafunga mambo hayo mawili yakawa muamala mmoja. Ama yote yanaandikwa, ama hakuna linaloandikwa. Hakuna nusu.

Mfumo wetu haukuwa na kitu kama hicho. Mama Stoo alipobonyeza “toa mzigo”, ulianza kwa kupunguza idadi kwenye jedwali la bidhaa, kisha ukaenda kuandika mteja na lori kwenye jedwali lingine. Stima ilipopotea katikati, hatua ya kwanza ilibaki na ya pili ikapotelea hewani. Halafu, mashine ilipowaka tena, jedwali lile la pili lilikuwa limeharibika. Mimi mwenyewe ndiye niliyeliambia lijirekebishe. Likajirekebisha kwa kutupa rekodi kadhaa lisizoweza kuzisoma, na sikuangalia ni ngapi. Nilifurahi tu kuona ukurasa unafunguka.

Chanzo chake kilikuwa kitu kidogo mno. Hifadhidata ilikuwa MySQL, programu huria nzuri na maarufu duniani. Lakini MySQL inaweza kuhifadhi majedwali kwa mitindo tofauti, na yule jamaa alikuwa amepakua mfumo wa kitambo uliotumia mtindo wa zamani uitwao MyISAM. MyISAM haijui muamala, na mashine ikizimika ghafla haina njia ya uhakika ya kujirudisha. Tangu toleo la 5.5, lililotoka 2010, MySQL yenyewe hutumia InnoDB usipochagua kitu kingine, na InnoDB inajua yote mawili. Kwa hivyo ukikuta mfumo wa zamani kazini, swali la kwanza kabisa ni hilo: majedwali haya ni ya mtindo gani? Ni amri ya mstari mmoja. Mimi nilikaa miezi minne bila kuiuliza.

“Na bakapu je?” utauliza. Bosi pia aliuliza. Bakapu ilikuwepo, ikijitengeneza yenyewe kila usiku saa saba, faili yenye tarehe safi kabisa. Nilipozifungua nikakuta faili za wiki tisa zilizopita hazina hata herufi moja ndani. Diski ilikuwa imejaa. Kila usiku mashine ilifungua faili, ikakosa nafasi ya kuandika, ikaenda kulala.

Kilichomwokoa Mama Stoo ni kauntabuku. Mama huyu, tangu siku ile mfumo ulipoletwa, hakuwahi kuuamini. Kila lori kabla halijatoka getini aliandika kwa kalamu: tarehe, bidhaa, idadi, mteja, nambari ya gari, sahihi ya dereva. Halafu ndiyo aende kwa kompyuta. Tulimcheka kwa hilo, hata mimi. Asubuhi iliyofuata tulikaa naye stoo, mimi nikisoma mfumo, yeye akifunua kurasa, na katoni 214 zikapatikana zote, safari sita kwa wateja watatu, sahihi zikiwepo. Barua ilifutwa. Hakuna aliyemwomba msamaha kwa maneno, lakini wiki hiyo bosi alishuka stoo mara mbili kumsalimia.

Kisha akanigeukia mimi. “Jenga ingine. Na usiniletee tena vitu vya bure, vya bure huwa hivyo.”

Hapo ilibidi nibishane na mkubwa wangu kwa heshima, kitu ambacho hakifundishwi chuoni. Kwanza, huria si lazima iwe rahisi, na bure si neno lenyewe. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: unaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha, kuusambaza. Kwamba hulipi leseni ni matokeo tu. Pili, si mchezo wa watoto. Ushahidi, mfumo uliotengenezwa hapa Kenya Januari 2008 kukusanya ripoti za ghasia za baada ya uchaguzi, ni programu huria, na baadaye ukatumika kwingi duniani. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006, na unahifadhi data zake kwenye MySQL. Wizara ya Afya ilipoeneza mfumo wa DHIS2 nchi nzima mwaka wa 2011, takwimu za zahanati zilikuwa zinaingia kwenye programu huria iliyotengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na hifadhidata yake ni PostgreSQL. Bosi alisikiliza hadi mwisho. Akasema, “Sawa. Lakini ikianguka, nampigia nani?”

Hilo ndilo swali zuri zaidi nililowahi kuulizwa kuhusu programu huria, na limetoka kwa mtu anayeandika meseji kwa kidole kimoja.

Ukinunua leseni, sehemu ya pesa zako ni ya mtu wa kupigiwa. Ukichukua huria, mtu huyo ni wewe, na ukihama, ni yule atakayekuja baada yako. Kwa hivyo usianze na ipi ina kasi. Ofisi ya watu sitini haiwezi kuichosha hifadhidata yoyote ya maana, tusidanganyane. Anza na nani yuko nyuma ya programu, itatunzwa hadi lini, na nani hapa mtaani anaijua.

Chukua MySQL yenyewe. Ilianzishwa na kampuni ya Kiswidi, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka wa 2008 kwa karibu dola bilioni moja, kisha Oracle ikainunua Sun mwaka wa 2010. Ghafla hifadhidata huria maarufu kuliko zote ikawa mikononi mwa kampuni inayouza hifadhidata ghali. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, hakungoja aone itakuwaje. Alichukua msimbo, kwa kuwa leseni inaruhusu, akaanzisha MariaDB. MySQL ina jina la binti yake My, na MariaDB ina jina la binti yake mdogo, Maria. Huo ndio uzuri wa leseni huria: mwenye mali akibadilika, wengine wanaweza kubeba msimbo wakaondoka nao. MySQL haikufa, bado ipo na ni nzima. Lakini ukisakinisha Debian leo na uombe MySQL, utakachopewa ni MariaDB.

PostgreSQL ina historia ya kimyakimya zaidi. Ilianza kama utafiti katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 1986, chini ya Michael Stonebraker, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Turing. Jina la sasa lilikuja 1996. Haimilikiwi na kampuni yoyote, kwa hivyo hakuna wa kuiuza. Toleo kubwa hutoka kila mwaka na kila moja hutunzwa kwa miaka mitano, halafu tarehe ya mwisho hutangazwa mapema. Nakiri kwamba kuhama kutoka toleo kubwa moja hadi lingine si kubonyeza kitufe. Inabidi utenge Jumamosi yako.

Nilichagua PostgreSQL kwa ajili ya stoo, na sababu yenyewe si ya kifahari: ni mkali. Ukiiambia idadi ya katoni isishuke chini ya sifuri, haitashuka, hata mwandishi wa msimbo akikosea. Ukiipa tarehe 31 Februari, inakataa. MySQL za zamani zilikuwa na roho nyepesi, zikipokea tarehe ya sifuri tupu na kukata maneno marefu bila kukuambia; ukali huo ulikuja kuwa mpangilio wa kawaida kuanzia toleo la 5.7, mwaka wa 2015.

Na namna inavyovumilia stima ilinifanya nicheke peke yangu usiku. Kabla PostgreSQL haijagusa jedwali, kwanza huandika kwenye daftari lake la pembeni kile inachotaka kufanya. Ikizimika katikati, ikiwaka tena inasoma daftari hilo: kilichokamilika inakirudisha, ambacho hakikukamilika inakiacha. InnoDB nayo ina daftari la aina hiyo. Kwa maneno mengine, ni kauntabuku ya Mama Stoo. Andika kwanza, ndiyo geti lifunguliwe.

Je, kila mtu achague PostgreSQL? La. Ukitaka tovuti ya ndani ya matangazo tu, ukaamua kutumia WordPress, hiyo imeundwa kwa MySQL na MariaDB, usipigane nayo. Na hapa Nairobi ukirusha jiwe kwenye kundi la mafundi, litamwangukia mtu anayejua MySQL. Hilo si jambo dogo. Hifadhidata nzuri isiyojulikana na mtu yeyote katika ofisi ni kama gari la kifahari ambalo vipuri vyake viko Japani. Kama mfumo wako ni wa mtu mmoja kwenye kompyuta moja, hata SQLite inatosha, nayo ni faili moja tu unayoweza kuibeba kwa flashi.

Kuhusu mfumo endeshi, nilikuwa nimefundishwa kwa CentOS, na nusu ya video za mtandaoni bado zinaanza nayo. Usiifuate. Mnamo 8 Desemba 2020, Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, ambayo watu walitarajia itatunzwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Fikiria umeijengea kampuni seva Oktoba, na Desemba unaambiwa imebakisha mwaka mmoja. CentOS 7 nayo ilimalizika 30 Juni 2024. Kutokana na hasira za wakati huo zilizaliwa Rocky Linux na AlmaLinux, zote ziko sawa. Mimi nilienda Debian. Haina kampuni inayoweza kubadili mawazo, na inaenda pole pole, kitu ambacho kwenye seva ni sifa. Rafiki yangu mmoja alichagua Ubuntu ile ya LTS, ambayo hutoka Aprili kila baada ya miaka miwili na kutunzwa kwa mitano. Tumebishana weee, na seva zetu zote zinafanya kazi.

Apache au Nginx? Yoyote. Nginx ya Igor Sysoev ilitengenezwa ibebe wageni maelfu kwa wakati mmoja, nawe una watu sitini, kumi kati yao wakiwa likizo. Chagua unayoweza kusoma faili zake bila kuumwa kichwa.

Kuna walioniuliza kwa nini nisiweke kila kitu mtandaoni, kwenye seva ya kukodisha, niachane na vumbi. Ni wazo zuri kwa wengi. Lakini 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Wengi wetu tunakumbuka wiki hiyo. Lori halingoji kebo. Seva iliyo ndani ya jengo huendelea kuongea na stoo hata kama dunia nzima imenyamaza, mradi tu kuna stima. Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichoomba kununuliwa, kabla ya mashine yenyewe, kilikuwa UPS, pamoja na waya wake wa kuiambia seva ijizime kwa adabu betri ikikaribia kuisha. Waya huo huja kwenye boksi, na ofisi nyingi huutupa.

Ila kuwa ndani si kinga. Mapema 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila paswadi zilifutwa na wahuni, wakaacha ujumbe wa kudai fidia. Wenyewe wengi walidhani hakuna anayeziona. PostgreSQL ukiisakinisha kwenye Debian husikiliza mashine yake yenyewe tu; iache hivyo hadi uwe na sababu, na usiruhusu mfumo uingie kwa akaunti kuu inayoweza kufuta kila kitu.

Halafu kuna sheria. Fomu za likizo zina nambari za vitambulisho, wakati mwingine karatasi za daktari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kama ulitumia programu ya bure. Data ikivuja na kuwe na hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anafaa kuarifiwa ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika Sh5 milioni, au kwa kampuni asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Niliposoma hivyo nilitoa kwenye mfumo mambo mengi ambayo hatukuwa tunayahitaji. Ile sehemu ya “dini” na “jina la mke” iliingiaje kwa fomu ya likizo?

Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko kuchagua ilikuwa bakapu. Sasa nakala inatengenezwa kila usiku, inaenda kwenye diski nyingine, na nakala ya Ijumaa inatoka nje ya jengo ikiwa imefungwa kwa paswadi. Diski mbili pacha ndani ya seva hazihesabiki hapo, kwa sababu ukifuta kitu kwa bahati mbaya, pacha naye anafuta. Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nilikuwa nachukua nakala ya jana, nairudisha kwenye laptopu ya zamani, halafu namwita Mama Stoo na kauntabuku yake. Anachagua ukurasa wowote. “Ishirini na tatu, lori la kwanza.” Mimi natafuta. Zikilingana, anatia alama kwa kalamu nyekundu. Zisipolingana, hakuna anayeenda kula. Ilitokea mara moja, na kosa lilikuwa lake: aliandika 60 badala ya 90. Alilikataa kosa hilo kwa siku mbili.

Nilipopata kazi kwingine, nilikaa wiki nzima nikiandika kila kitu kwenye karatasi: toleo gani, limewekwa wapi, linamalizika lini, ukikuta hivi fanya hivi, hakuna lugha ngumu. Paswadi nikazitia kwenye bahasha iliyofungwa, ikaingia kwenye sefu ya mhasibu. Dada aliyechukua nafasi yangu, mdogo kuniliko, alizisoma zote na kuniuliza maswali ambayo sikuwa nimeyafikiria.

Jioni ya mwisho nilishuka stoo kuaga. Mama Stoo alikuwa anahesabu mzigo, hakuinua kichwa hadi alipomaliza mstari.

“Hizo karatasi ulizoandika,” akasema, “umeweka nakala ngapi?”

“Moja, mama.”

Akanitazama. Nikapanda ngazi kurudi kwa printa.